Pumzi, Moyo na Kiwewe

Mtu mzima aliyetulia hupumua kati ya mara 12 na 20 kwa dakika. Hata tukichukua kiwango cha chini, hesabu ya siku moja hupita mara 17,000. Karibu pumzi zote hizo hupita bila sisi kuzifikiria: tunapumua tukila, tukisoma na hata tukilala. Lakini mtu akitaka anaweza kuharakisha pumzi zake, kuzipunguza au kuzizuia kwa muda. Hawezi kuliamuru ini lake wala figo zake kwa namna hiyo. Kupumua, basi, ni kazi yenye mabwana wawili: ubongo unaoiendesha kimyakimya, na nia ya mwenye mwili.

Jambo hili lina maana kubwa kwa watu waliopatwa na kiwewe, yaani wale walionusurika katika ajali, mafuriko, vita au mateso. Mara nyingi mtu wa namna hiyo huambiwa, "Vuta pumzi kwa nguvu, utatulia." Ushauri huo hutolewa kwa nia njema, lakini ukifuatwa bila uangalifu huweza kumrudishia hofu ile ile anayotaka kuikimbia. Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini, na njia gani inafaa zaidi.

HOFU NDANI YA MWILI

Mwaka 1915 Walter Cannon, mtaalamu wa fiziolojia wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, alitoa kitabu juu ya mabadiliko ya mwili wakati wa maumivu, njaa, hofu na hasira. Alionyesha kwamba mwili unapohisi hatari hujiweka tayari kupigana au kukimbia. Mishipa ya fahamu ya kundi liitwalo simpathetiki huuchochea moyo. Tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini katika damu. Pumzi nazo huwa fupi na za haraka. Hatari ikipita, kundi la pili, parasimpathetiki, hurejesha utulivu.

Kwa aliyepatwa na kiwewe mpango huu huweza kuvurugika. Hatari imekwisha, lakini mwili unaendelea kukesha kama mlinzi ambaye hakuambiwa kwamba vita vimemalizika. Mlio wa honi au harufu ya moshi hutosha kuamsha hofu yote upya. Mwaka 1980 chama cha madaktari wa akili cha Marekani kiliiingiza hali hiyo katika orodha yake ya maradhi.

KWA NINI PUMZI HUTULIZA

Msomaji anaweza kuanza na jaribio rahisi. Keti, weka vidole viwili juu ya kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, uyahisi mapigo ya moyo. Kisha pumua polepole. Watu wengi, hasa vijana, watagundua kwamba mapigo huongezeka mwendo kidogo wakati wa kuvuta pumzi, na hupungua wakati wa kuitoa. Carl Ludwig wa Ujerumani aliyaeleza mabadiliko haya tangu mwaka 1847.

Sababu kubwa ni mshipa wa fahamu uitwao vagasi, utokao katika shina la ubongo na kushuka hadi kwenye moyo, mapafu na tumbo. Mshipa huu ni kama breki ya moyo. Tunapovuta pumzi breki hulegezwa, tunapoitoa hukazwa. Mwaka 1921, mjini Graz, Austria, Otto Loewi aliusisimua mshipa huo katika moyo wa chura, kisha akauhamisha umajimaji uliouzunguka moyo huo hadi kwenye moyo mwingine. Moyo wa pili nao ukapunguza mwendo. Hivyo ikadhihirika kwamba mshipa hufanya kazi kwa kutoa kemikali, ambayo sasa tunaijua kwa jina la asetilikolini. Mwaka 1936 Loewi alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Henry Dale.

Kwa hiyo, mtu anayetoa pumzi kwa muda mrefu kidogo kuliko anavyoivuta huipa breki hiyo nafasi zaidi ya kufanya kazi. Hapana shaka wazee wetu walilitambua jambo hili kwa uzoefu, kwani Kiswahili humsema mtu aliyeondokewa na wasiwasi kwamba "ameshusha pumzi".

PALE PUMZI INAPODHURU

Hata hivyo, kupumua kwa nguvu na kwa haraka ni jambo jingine kabisa. Hapo hewa ya ukaa hutolewa kwa wingi kuliko inavyotengenezwa mwilini, na kiasi chake katika damu hushuka. Mishipa ya damu ya ubongo hujibana. Mtu huona kizunguzungu, vidole humfanya ganzi, na kifua huhisi kimebanwa. Dalili hizi hufanana mno na zile za hofu. Mtu mwenye kiwewe huweza kuzifasiri kuwa ni hatari iliyorudi, naye akazidi kutweta, na mambo yakaharibika zaidi.

Aidha, kuna watu ambao kule kufumba macho na kuusikiliza mwili tu huwaletea kumbukumbu mbaya. Aliyewahi kukabwa au kuzama majini hawezi kuifikiria pumzi yake kama mtu mwingine.

NJIA YA UPOLE

Kutokana na hayo, yafaa mambo yafuatayo yazingatiwe:

1. Zoezi liwe la hiari. Mwanafunzi asilazimishwe, wala asitakiwe kusimulia yaliyompata mbele ya wenzake.

2. Macho yanaweza kubaki wazi. Mtu aketi mahali anapoweza kuuona mlango.

3. Aanze na miguu, si pumzi: azikanyage nyayo sakafuni, atazame pande zote na kutaja vitu vichache anavyoviona.

4. Kisha avute pumzi kwa puani, bila nguvu, kwa hesabu ya tatu, na kuitoa kwa hesabu ya tano. Asiizuie. Pumzi tano au sita zinatosha kwa kuanzia.

5. Hofu au kizunguzungu kikizidi, aache mara moja na kurudi kwenye hatua ya tatu. Kuacha si kushindwa.

Mwenye pumu aliyeshikwa na ugonjwa wake apewe dawa yake. Zoezi hili si tiba ya pumu.

MIPAKA YA ZOEZI

Mwaka 2020 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa katika makazi ya wakimbizi ya Rhino Camp, kaskazini mwa Uganda, ukiwahusisha wanawake 694 kutoka Sudan Kusini. Baadhi yao walipewa mafunzo ya vikundi mara tano, yaliyoandaliwa na Shirika la Afya Duniani. Walijifunza mbinu kadhaa za kukabili dhiki, mojawapo ikiwa ni kutuliza mwili na kurudisha mawazo mahali mtu alipo. Baada ya miezi 3 dhiki yao ilikuwa imepungua kuliko ya wenzao, ingawa si kwa kiasi kikubwa. Ikumbukwe kwamba pumzi ilikuwa sehemu moja tu ya mafunzo hayo.

Zoezi la pumzi, basi, humsaidia mtu kuvuka saa ngumu. Haliondoi chanzo cha kiwewe chake. Mwalimu akiona kwamba jinamizi, kukosa usingizi au kushtuka ovyo kumeendelea zaidi ya mwezi mmoja, ampeleke mwanafunzi kwenye kituo cha afya. Na ikiwa mwanafunzi anataja kujidhuru, asingoje hata siku moja.