Kura Moja ya Chake Chake

Husemwa na watu wengi, na baadhi yao ni watu wenye dhamana, kwamba kura ya mtu mmoja haina uzito. Kwamba mwananchi mmoja akibaki shambani siku ya uchaguzi, au jina lake likikosekana katika daftari, hesabu haitabadilika. Kwa hoja hiyo sisi tuna jibu moja, nalo ni Jimbo la Chake Chake.

Uchaguzi wa kwanza wa Visiwa vyetu, wa Julai 1957, ulikuwa wa viti 6 tu, na wanawake hawakuwa na haki ya kupiga kura. Ulipofika uchaguzi wa Januari 1961 viti vilikuwa 22, na vyama vilivyoshindana ni vitatu: Afro-Shirazi, Hizbu, na ZPPP iliyozaliwa mwaka 1959 baada ya mfarakano ndani ya Afro-Shirazi. Masanduku yalipokwisha kufunguliwa, Afro-Shirazi ilikuwa na viti 10, Hizbu 9, na ZPPP 3. Katika vile 10, kimoja kilikuwa cha Chake Chake, na kilipatikana kwa tofauti ya kura moja.

Naomba msomaji aipime kura hiyo katika mizani. Wajumbe watatu wa ZPPP waligawanyika: wawili wakaenda upande wa Hizbu, mmoja akaja Afro-Shirazi. Ikawa 11 kwa 11, na hapana aliyeweza kuunda Serikali. Lau kura ile moja ingalikwenda kwingine, Afro-Shirazi ingalibaki na viti 9, na hata kwa msaada wa yule Mjumbe mmoja isingalizidi 10 kati ya 22. Mtu mmoja wa Chake Chake, ambaye jina lake hatutalijua kamwe kwa kuwa kura ni siri, ndiye aliyeisimamisha nchi nzima.

Ikabidi uchaguzi urudiwe. Kiti cha 23 kiliongezwa ili sare isitokee tena, na wananchi wakaitwa vituoni tarehe 1 Juni 1961. Safari hii Afro-Shirazi ilipata viti 10, Hizbu 10 na ZPPP 3, na vyama hivi viwili vikaunda Serikali kwa viti 13. Lakini siku ile haikumbukwi kwa viti. Hukumbukwa kwa damu, kwani fujo zilizuka na watu 68 wakapoteza maisha. Shina la msiba ule lilikuwa shaka. Kila upande uliamini kwamba mwenzake anaiba, anapenyeza wapiga kura wasiostahiki, anapiga kura mara mbili. Shaka ikiingia kituoni, panga hufuata nyuma yake.

Mwezi Julai 1963 viti vilikuwa 31. Afro-Shirazi ilipata zaidi ya asilimia 54 ya kura zote, ikaambulia viti 13. Wenzao, kwa kura pungufu, wakapata 18. Wengi walipewa uchache, na wachache wakapewa Serikali. Uhuru uliokuja tarehe 10 Disemba 1963 ulijengwa juu ya hesabu hiyo, na haukutimiza hata miezi miwili: tarehe 12 Januari 1964 Mapinduzi yaliufagia. Sisi tuliolelewa katika Chama twaijua siku hiyo kuwa ni ya ukombozi. Lakini kada mkweli hana budi kuongeza kwamba kura isipoheshimiwa, watu hutafuta njia nyingine ya kusema.

Hata zama za chama kimoja hazikuinyamazisha kura. Mwaka 1985, mgombea wa Urais wa Zanzibar akiwa mmoja, na mpiga kura akitakiwa kusema Ndiyo au Hapana tu, Idris Abdul Wakil alipata asilimia 58 na ushei. Waliobaki walisema Hapana, na mwenye masikio alisikia.

Vyama vingi viliporudi, uchaguzi wa Oktoba 1995 ulitoa viti vyote 21 vya Pemba kwa CUF, Chake Chake kikiwa kimojawapo, na Urais wa Zanzibar uliamuliwa kwa tofauti ya kura 1,565. Uchaguzi wa 2000 ulifuatiwa na maandamano ya Januari 2001, na roho za watu zikapotea Unguja na Pemba. Mwaka 2010 wananchi walikubali kwa kura ya maoni Serikali ya Umoja wa Kitaifa, wakaenda vituoni kwa utulivu. Mwaka 2015 uchaguzi ulifutwa, ukarudiwa Machi 2016 bila ya CUF kushiriki. Mwaka 2020 viti vingi vya Pemba vilikwenda kwa CCM. Mizani imepanda na kushuka, na aliye juu leo asidhani ameurithi mti.

Kutokana na historia hii tuna maneno mawili. La kwanza ni kwa watendaji wa Serikali. Mwananchi wa Zanzibar huandikishwa kupiga kura kwa Kitambulisho chake, na Kitambulisho hupitia mikononi mwa Sheha. Basi Sheha anayemwambia kijana njoo kesho, na kesho yake njoo kesho kutwa, huenda anaizuia ile kura moja. Daftari ni amana, na mwenye kukhini amana haulizwi na wanadamu peke yao. Msimamizi anayehesabu mbele ya mawakala wa pande zote na kubandika matokeo ukutani papo hapo hulinda amani kuliko gari kumi za askari.

La pili ni kwa wenzetu wa Chama. Jimbo halishindwi kwa mabango wala kwa kanga za msimu. Hushindwa kwa maji ya bomba, bei ya karafuu, na kiongozi anayeonekana kijijini mwaka ambao hakuna uchaguzi. Na tukishindwa kwa haki, tukiri. Kwa kuwa ushindi wa mwaka 1961 wa Chake Chake tuliudai kuwa halali kwa kura moja, na wenzetu nao wana haki ya kudai yao.