Masalio ya Fundi Yasitupwe: Tuwafundishe Watoto Kushona Mfarishi



Pita jioni mbele ya kibaraza cha fundi cherehani. Chini ya cherehani utaona vipande vya vitenge, khanga na kaniki. Asubuhi vitafagiliwa na kuchomwa moto. Kumbe vipande hivyo ni mali! Mtoto wa miaka 8 anaweza kuviunga kwa mkono, kidogo kidogo, mpaka vikawa mfarishi, yaani tandiko zito la kujifunika.

Katika sehemu za baridi kama Makete, Njombe, Lushoto na Mbulu, watoto huhangaika sana usiku miezi ya Juni na Julai. Blanketi la dukani ni ghali. Lakini sindano na uzi si ghali, na vipande vya fundi mara nyingi hupatikana bure ukiomba kwa adabu.

KIRAKA SI AIBU

Wako watu wanaosema, "Viraka ni vya maskini." Hebu tufikiri. Kiraka kilichobandikwa ovyo ili kuziba tundu ni kitu kimoja. Vipande vilivyokatwa sawasawa na kupangwa kwa rangi ni kitu kingine. Tofauti yake ni kipimo. Bila kipimo unapata tambara. Kwa kipimo unapata pambo la kitanda.

Kazi hii haikuanza leo. Huko India, katika jimbo la Karnataka, wanaishi watu waitwao Wasidi. Wahenga wao walitoka Afrika, na wengi walipelekwa Goa kama watumwa wakati wa utawala wa Wareno. Wanawake wa Kisidi hushona mifarishi kwa nguo kuukuu, nao huiita kawandi. Huanza kushona pembeni, wakazunguka mpaka wakafika katikati. Kwenye pembe nne huweka vipande vidogo vilivyokunjwa, ambavyo huviita maua. Mifarishi hiyo hufunika watoto wao, na mingine imepelekwa kwenye maonyesho mpaka Marekani.

Sisi tutaanza na njia iliyo rahisi kwa mtoto. Tutashona miraba, kisha tutaunga miraba hiyo.

VIFAA

1. Vipande vya nguo ya pamba. Nailoni huteleza, inamsumbua mtoto.
2. Sindano ya mkono na uzi wa pamba.
3. Mkasi, rula na penseli. Kipande cha sabuni kikavu pia huchora vizuri.
4. Kipande cha boksi gumu.

Fua vipande vyote kwanza. Nguo mpya ya pamba hurudi ikifuliwa, na nyingine huchuja rangi. Ni afadhali irudi na kuchuja kabla ya kushonwa. Nguo kuukuu ivute kwa mikono miwili. Ikipasuka, usiitumie.

MRABA WA VIPANDE VINNE

Hatua ya 1. Kata boksi liwe na sentimita 12 kila upande. Hiki ndicho kigezo chako. Kilaze juu ya kitambaa, chora pembeni yake, kisha kata. Mtoto mdogo achore, mkubwa akate.

Hatua ya 2. Kata vipande viwili vya rangi iliyokoza na viwili vya rangi hafifu.

Hatua ya 3. Kwa upande wa ndani wa kila kipande, chora mstari sentimita 1 kutoka ukingoni. Mtoto atashona juu ya mstari huo, asitoke nje yake.

Hatua ya 4. Tunga uzi usiozidi urefu wa mkono wa mtoto. Uzi mrefu hujifunga mafundo. Piga fundo mwishoni.

Hatua ya 5. Chukua kipande kimoja kilichokoza na kimoja hafifu. Viweke uso kwa uso. Mtoto apige bandi ndogo ndogo juu ya mstari. Kila baada ya bandi tano arudishe sindano nyuma mara moja, ili mshono usifumuke.

Hatua ya 6. Fanya hivyo kwa vipande viwili vilivyobaki. Sasa una jozi mbili. Piga pasi. Mshono ulaze upande wa rangi iliyokoza. Kama hakuna pasi, sugua kwa ukucha.

Hatua ya 7. Weka jozi mbili uso kwa uso, rangi iliyokoza juu ya rangi hafifu. Hakikisha mishono ya katikati imekutana. Shona. Fungua. Una mraba kamili!

Mtoto wa miaka 6 asianze na mraba huu. Mpe vipande viwili virefu, kila kimoja sentimita 12 kwa 22. Akiviunga ubavu kwa ubavu atapata mraba wenye ukubwa ule ule kwa mshono mmoja tu. Mtoto wa miaka 10 na zaidi ajaribu mraba wa vipande tisa: vitano vilivyokoza na vinne hafifu, mistari mitatu ya vipande vitatu.

KWA NINI SENTIMITA 1?

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Kipande kina sentimita 12. Mshono unakula 1 upande huu na 1 upande ule. Inabaki 10. Kwa hiyo mraba wa vipande vinne, ukishaungwa, unaonekana sentimita 20 kwa 20.

Sasa tuseme mtoto anashona sentimita 1 na nusu badala ya 1. Utasema, "Nusu sentimita ni nini?" Tupige hesabu. Mfarishi wenye miraba 5 kwa upana una vipande 10, na kati yao mna maungio 9. Kila ungio linapunguza sentimita 1. Jumla ni sentimita 9! Mstari huo utakuwa mfupi, na hautalingana na mstari wa mwenzake aliyeshona sawasawa. Mfarishi utavutika na kujikunja.

Basi usimgombeze mtoto. Mpe rula apime mwenyewe. Akiona kosa kwa macho yake, atafumua na kushona upya. Hilo ni somo la hesabu ambalo halisahauliki.

HESABU YA MFARISHI MZIMA

Mfarishi wa mtoto uwe na upana wa sentimita 100 na urefu wa sentimita 140. Upana ni miraba 5, urefu ni miraba 7. Mara 5 kwa 7 ni miraba 35. Kila mraba una vipande 4, kwa hiyo vipande vyote ni 140: 70 vilivyokoza na 70 hafifu.

Watoto wawili, kila mmoja akishona miraba miwili kwa wiki, watapata miraba 4 kila wiki. Kwa wiki 9 miraba 35 itakuwa tayari. Wakianza mwezi wa Machi, baridi ya Juni itakuta kazi imekwisha.

KUMALIZIA

Unga miraba kwa mistari, kisha unga mistari. Hapa mtu mzima asaidie. Kwa bitana, upande mmoja wa khanga hutosha, kwani khanga huwa na karibu sentimita 110 kwa 150. Tandaza bitana, uso ukiangalia chini. Juu yake weka blanketi kuukuu lililokatwa kwa ukubwa wa vipande, na juu kabisa vipande vilivyoungwa.

Kwenye kila pembe ya mraba pitisha uzi mnene mpaka chini, urudishe juu na kufunga fundo imara. Mafundo hayo huzuia tabaka zisitembee. Mwisho, bitana iliyozidi pembeni ikunje mara mbili juu ya vipande na kushona pindo.

ANGALIENI SINDANO

Hesabu sindano kabla ya kazi na baada ya kazi. Sindano iliyopotea mkekani itamchoma mtoto anayetambaa. Sindano isiwekwe mdomoni, na yenye kutu isitumike. Kila mtoto awe na yake. Akijichoma, aoshe kwa maji na sabuni.

WAVULANA JE?

Wapo wazazi wanaosema kushona ni kazi ya wasichana. Lakini hebu tazameni vibarazani. Mafundi cherehani wengi ni wanaume, nao wanalisha familia zao kwa sindano. Basi kwa nini mwana wa kiume asijue kushona hata kifungo? Wote wakae mkeka mmoja, kila mtu na sindano yake.

Na wewe uliyehitimu kisomo, kumbuka kwamba kusoma rula na kuandika hesabu ulijifunza ukubwani. Mwanao anaweza kujifunza kwako, leo, kwa kitambaa ambacho kingechomwa moto.

ZOEZI

Mama anataka mfarishi wa sentimita 80 kwa 120, wa miraba ya vipande vinne.
1. Atahitaji miraba mingapi?
2. Vipande vingapi?

Majibu: (1) Miraba 24. (2) Vipande 96.