Fimbo kwa Uwanda na Mteremko wa Ufipa

Mji wa Sumbawanga, kwenye uwanda wa Ufipa, uko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Ukielekea kaskazini-mashariki utapanda milima ya Mbizi, ambayo vilele vyake vinapita mita 2,400, kisha ardhi inakatika ghafla. Huo ndio ukingo unaoitwa Lyamba lya Mfipa, na chini yake limelala bonde la Ziwa Rukwa, lililo karibu mita 800 tu. Upande wa magharibi hali ni hiyo hiyo: nyasi zinakwenda kwa mabonde mapana na vilima vya upole, halafu nchi inaporomoka kuelekea Ziwa Tanganyika. Mtu wa Ufipa anaweza kutembea wiki nzima bila mlima wa kumtoa jasho, kisha siku moja akashuka kwa miguu kwenda Muze au Kasanga, na mapaja yakamuuma siku tatu.

Maumivu hayo yana sababu yake. Unapopanda, misuli ya mbele ya paja inajikunja na kukusukuma juu. Unapotelemka inafanya kazi ya breki: inakaza huku ikivutwa irefuke, na kazi ya namna hiyo huchanachana nyuzi zake ndogo ndogo. Ndiyo maana maumivu hayaji siku ile ile bali kesho yake na keshokutwa. Goti nalo linapokea kishindo cha kila hatua. Mwaka 1999 Hermann Schwameder na wenzake walichapisha vipimo vya watu walioshuka mteremko mkali wa nyuzi 25, mara wakiwa na fimbo mbili, mara mikono mitupu. Kwa fimbo, nguvu zinazolielemea goti zilipungua kwa asilimia 12 hadi 25. Kwa mtu anayeshuka mita elfu moja, hatua baada ya hatua, hilo si punguzo dogo.

Hata hivyo fimbo haimpunguzii mtu pumzi anazohitaji. Katika mwinuko wa Sumbawanga hewa ni nyepesi, kila pumzi ikiwa na oksijeni pungufu kwa karibu moja ya tano kuliko Dar es Salaam, na mgeni aliyetoka Pwani huisikia tofauti hiyo kifuani. Mikono inapofanya kazi nayo inakula oksijeni, hivyo kwenye tambarare mwenye fimbo mbili huenda akahema zaidi kidogo. Faida ni kwamba mzigo umegawanywa: miguu inapumzishwa na mikono.

Kwa matembezi ya kila siku, hasa kwa mzee mwenye nyonga mbovu, hesabu inashangaza zaidi. Simama kwa mguu mmoja. Mwili unataka kuangukia upande wa mguu ulioinuliwa, na kinachouzuia ni misuli ya ubavuni mwa nyonga ya mguu uliousimamia. Tumchukue mtu wa kilo 60. Ukiondoa mguu aliousimamia, nyonga imebeba kilo 50 hivi, na uzito huo unaelemea kutoka umbali wa kama sentimita 10 na kiungo. Misuli nayo inavuta kutoka umbali wa sentimita 5 tu. Kwa kanuni ya wenzo, lazima ivute kwa nguvu ya kilo 100 ili mwili usilale upande. Kiungo kinabanwa na vyote viwili, yaani kilo 150, kwa mtu ambaye hata gunia hajabeba.

Sasa mpe fimbo, aishike kwa mkono wa upande wa pili, aikandamize kwa kilo 5 tu, sentimita 40 kutoka kwenye kiungo hicho. Kilo 5 mara sentimita 40 ni 200. Ondoa kwenye zile 500 za mwanzo, zinabaki 300, na misuli inahitaji kuvuta kilo 60 tu. Fimbo yenyewe imechukua 5 katika zile 50. Mzigo wa kiungo umeshuka kutoka kilo 150 hadi 105. Vipimo vya miili hutofautiana, lakini mantiki haibadiliki, na ndiyo iliyomfanya daktari wa mifupa wa Marekani, Walter Blount, aandike mwaka 1956 makala ya kuwasihi madaktari wenzake wasiwatupishe wagonjwa mkongojo.

Kilo 45 zimeondoka kwa sababu fimbo iko mkono wa pili, mbali na nyonga inayouma. Ukiishika upande ule ule wa maumivu, umbali ule wa sentimita 40 haupo tena na faida karibu yote inapotea. Nimewaona wazee wengi sokoni na kwenye ngazi za zahanati wakiishika upande wa mguu mbovu, kwa kuwa ndiko kunakouma na mkono unajipeleka wenyewe. Hakuna anayewaeleza. Goti la kulia likiuma, fimbo ikae mkono wa kushoto, na itangulie pamoja na mguu wa kulia. Kwenye ngazi, mguu mzima ndio unaotangulia kupanda. Wakati wa kushuka, fimbo na mguu mbovu vinatangulia.

Urefu ndio unaofuata, na hapa mkongojo wa nyumbani na fimbo ya milimani ni vitu viwili tofauti. Mkongojo wa nyumbani hupimwa mtu akiwa amevaa viatu anavyovaa kila siku, amesimama wima, mikono ikining'inia. Mpini ufike kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono. Akiushika, kiwiko kitakunjika kidogo, nyuzi 20 hadi 30. Ukiwa mrefu mno bega linapanda na mkono hauwezi kusukuma. Ukiwa mfupi mno mgongo unainama. Fimbo ya milimani ni ndefu zaidi: kwenye tambarare kiwiko kikunjike kama pembe ya mraba. Kwa mtu wa sentimita 165 hiyo ni kama sentimita 112. Ukipanda, ifupishe sentimita 5 hadi 10. Ukishuka, irefushe kiasi hicho hicho, ili ncha itangulie chini nawe usilazimike kuinama kuifuata.

Hapo ndipo fimbo ya kurefusha na kufupisha inapojilipa Ufipa. Njia ya Mbizi inakupandisha msituni, wanakoishi mbega wekundu, kisha inakutoa ukingoni na kukuteremsha Rukwa. Katika safari hiyo moja unahitaji urefu wa aina tatu. Fimbo za namna hii wapanda Kilimanjaro huzikodi Moshi, na sioni kwa nini zionekane ni za watalii peke yao.

Unapoinunua, achana kwanza na rangi na maandishi, uangalie kufuli, yaani kile kinachozuia vipande visizame kimoja ndani ya kingine. Kuna aina tatu. Ya kwanza ni kitufe kinachochomoza kwenye tundu, kama ilivyo mikongojo mingi ya maduka ya vifaa tiba. Urefu wake unapanda kwa hatua za sentimita 2 na nusu hivi, na haitelezi maadamu kitufe kimetokeza chote, usikie kikigonga. Ya pili ni ya kuzungusha: ndani kuna plastiki inayotanuka na kubana ukuta wa bomba. Hiyo ndiyo ninayoiogopa zaidi kwa mazingira yetu. Vumbi la kiangazi na maji ya masika vikiingia, plastiki inateleza, na mtu hagundui mpaka ameielemea mteremkoni. Ya tatu ni kibanio cha nje chenye mkono mdogo wa kufunga, kama kile cha kiti cha baiskeli. Kinaonekana kikiwa kimefungwa au wazi, kinakazwa kwa skrubu, na fundi yeyote wa baiskeli anaweza kukirekebisha. Kama fedha inaruhusu, chukua hicho.

Jaribu kabla ya kulipa. Ifunge, iegemee kwa uzito wako wote, ukiwa umeshika kaunta kwa mkono mwingine. Ikizama hata kidogo, irudishe. Angalia pia alama ya mwisho wa kurefusha iliyochorwa kwenye bomba. Ukiipita, kipande kilichobaki ndani ni kifupi na fimbo itapinda hapo. Mvua ikikunyeshea, zitenganishe sehemu zake na uziache zikauke.

Kuhusu malighafi ya fimbo, alumini inanitosha. Ikizidiwa hupinda na mara nyingi bado itakufikisha nyumbani. Nyuzi za kaboni ni nyepesi zaidi, lakini zikigongwa na jiwe kwa ubavu hupata ufa, kisha zinavunjika ghafla. Springi za ndani zinaongeza bei na uzito, sizipendekezi. Mikongojo ya miguu minne ni mizuri kwenye sakafu ya saruji, ila kwenye njia za mashamba, ambako miguu yote minne haikai chini kwa pamoja, inayumba na inaweza kumwangusha mtu.

Ncha ndiyo inayosahaulika kuliko vyote. Kwa mjini na ndani ya nyumba weka mpira wenye mifereji. Mifereji ikiisha, kwenye vigae vilivyolowa ni hatari. Mipira ya kubadilisha huuzwa kwa upana wa milimita 16, 19 au 22, kwa hiyo pima bomba kabla hujaenda dukani. Kwa mawe ya Lyamba, ncha ya chuma kigumu inashika vizuri zaidi. Kwa udongo wa Ufipa kuanzia Novemba hadi Aprili, valisha kile kisahani cha plastiki juu ya ncha, la sivyo fimbo itadidimia.

Mti wa kawaida bado una heshima yake. Katika Maporomoko ya Kalambo, mpakani na Zambia, pale mto unapoanguka zaidi ya mita 200, watafiti walichimba upande wa Zambia mwaka 2019 na kukuta magogo mawili yaliyochongwa na kuunganishwa na binadamu wa kale, yenye umri wa miaka 476,000 hivi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2023. Mahali hapo hapo palipatikana pia zana za mti za kati ya miaka 390,000 na 324,000 iliyopita, mojawapo ikiwa fimbo ya kuchimbia. Kushika mti mkononi katika ukanda huu ni jambo la kale kupita kiasi.

Kwa hiyo mzee mwenye fimbo ya mti asishawishiwe kuitupa. Fimbo ya mti iliyokatwa kwa kipimo chake na kuvalishwa mpira ni salama kuliko ya alumini yenye kufuli linaloteleza. Kasoro ya mti ni kwamba ukishakatwa haurefuki, basi pima mara mbili kabla ya msumeno. Nawe msomaji, kama nyumbani kuna babu au bibi mwenye mkongojo, msimamishe leo akiwa na viatu vyake, angalia mpini unafika wapi, angalia mpira wa chini, na umuulize ni mguu upi unaouma.