Mgunga wa Manjano Hauleti Malaria, Lakini Usiupande Ukutani

Anayejenga Gataka au Kitengela hukutana kwanza na udongo. Viwanja vingi vya Kajiado upande huu vina udongo mweusi wa pamba: mvua ikinyesha unavimba na kunasa viatu, kiangazi kikija unapasuka nyufa za kuingiza mkono. Miche mingi ya kigeni huoza mizizi humo.

Mgunga wa manjano, ambao Wamaasai huuita olerai, umezoea hali hiyo. Ni mti wa kingo za mito na mabonde yanayotuama maji. Kwangura gome lake kwa ukucha: unga wa manjano utatoka, na chini yake utaona kijani. Kijani hicho hutengeneza chakula kwa mwanga wa jua kama majani yafanyavyo. Mizizini hukaa bakteria wanaonasa naitrojeni ya hewani na kuulisha mti.

Wapo bado wanaouogopa. Wazungu wa karne ya 19 waliamini unaleta homa, kwa kuwa waliopiga kambi chini yake waliugua. Mwaka 1897, huko India, daktari Ronald Ross aliona vimelea vya malaria ndani ya mbu. Mti hauna hatia. Unapenda tu penye maji, na mbu wa malaria huzaliana majini. Kwa hiyo fukia madimbwi yaliyoachwa na wachimba msingi, uuache mgunga.

Mbegu zimwagie maji ya moto, uziache zilowe hadi kesho yake, ndipo uzisie. Panda mche mvua zinapoanza, Machi au Oktoba, uuzungushie matawi ya miiba, maana mbuzi hawatauacha.

Hatari yake halisi ni mahali unapoupanda. Huweza kupita mita 20, na mizizi yake ikinyonya maji, udongo mweusi husinyaa na kuta hupata nyufa. Uweke angalau mita 10 kutoka kwenye nyumba, na mbali na shimo la maji taka. Ploti ya futi 50 kwa 100 inatosha mti mmoja tu, kwenye kona, na ukubaliane kwanza na jirani. Kama kiwanja ni kidogo zaidi na udongo wake haushiki maji, mimi ningepanda mzeituni mwitu, oloirien, ambao Wamaasai hutumia vijiti vyake kufukizia vibuyu vya maziwa. Unakua polepole, basi uanze mapema.