Je, Wajua? Hesabu za Banissa Hazitoki Dukani

Je, wajua kwamba mtoto wa Banissa huenda akajua kuhesabu kwa mipangilio miwili kabla hajakanyaga shule? Eneo hili la Kaunti ya Mandera, jirani na mpaka wa Ethiopia, lina wasemaji wa Kisomali na wa Kiborana. Kumi na moja kwa Kisomali ni *kow iyo toban*, yaani moja na kumi. Kwa Kiborana ni *kudha tokko*: kumi mbele, moja nyuma. Basi akiambiwa ishirini na moja akaandika 12, msimpigie kelele. Mpeni vijiti: mafungu ya kumi kumi kushoto, kimoja kimoja kulia. Vijiti havina lugha.

Nasi Waswahili tusijitape. Sita, saba na tisa tuliyachukua kwa Waarabu. Tisa yetu ya zamani ni kenda, na saba ya zamani imebaki harusini tu, kwenye fungate.

Je, wajua kwamba *aqal*, nyumba ya Wasomali wafugaji, hujengwa na mwanamke bila futi wala kipimo cha fundi? Fito hupindwa zikawa matao, mikeka hutandazwa juu, na siku ya kuhama nyumba nzima hupanda mgongoni mwa ngamia. Chini ni duara, na duara hilo lina faida ambayo darasa zima linaweza kuipima uwanjani.

Chukua kamba ya mita 12, ifunge fundo kila baada ya mita moja, kisha unganisha ncha. Watoto wakiinyoosha iwe mstatili wa 5 kwa 1, ndani mna mita 5 za mraba. Wakiifanya mraba wenye pande za mita 3, zinakuwa 9. Wakiizungusha duara, zinafika karibu 11.5. Kamba ni ileile! Fito hukatwa mbali, nazo pamoja na mikeka hubebwa mbali, kwa hiyo umbo linalotoa nafasi kubwa kwa mzingo mdogo si jambo dogo kwa mama mwenye watoto wanane.

Kamba hiyohiyo, ikikunjwa kwenye mafundo ili pande ziwe 3, 4 na 5, hutoa pembe mraba kamili. Muulize fundi yeyote wa mawe anapopiga msingi. Hesabu hiyo anayo kichwani, hata kama jina la Pythagoras hajawahi kulisikia. Paulus Gerdes, mwanahisabati wa Msumbiji aliyefariki mwaka 2014, alionyesha kwamba kanuni ya Pythagoras inaweza kufikiwa hata kwa kuchunguza kifungo cha kusukwa cha kikapu. Mimi nikisikia mzazi wa mjini akihangaikia karatasi za manila usiku kwa ajili ya kazi ya mtaala wa umilisi, humkumbuka Gerdes na vikapu vyake.

Je, wajua kwamba ubao wa *shax*, mchezo wa kete wa Wasomali, huchorwa mchangani kwa kidole? Ni miraba mitatu, mmoja ndani ya mwingine, na mistari minne inayounganisha katikati ya pande zake. Kila mchezaji ana kete 12: huyu mawe, yule vijiti. Zikishapangwa zote, nukta 24 zimejaa, hakuna pa kusogea, hivyo kila mmoja humwondolea mwenzake kete moja ndipo mchezo uanze. Aliyetangulia kupanga tatu kwenye mstari mmoja ndiye huondoa kwanza. Kuanzia hapo, kila tatu mpya hula kete ya mpinzani.

Swali la Gredi ya Nne: mistari ya nukta tatu tatu iko mingapi? Wengi huhesabu kwa kidole wakapotea njiani. Lakini kila nukta imo katika mistari miwili, na kila mstari una nukta tatu: 24 mara 2, gawanya kwa 3. Ni 16.