Miezi sita ya kodi si amana

Sanya Juu haikosi mpangaji mgeni. Mwalimu aliyepangiwa shule ya Siha, muuguzi anayeanza kazi Kibong'oto, hospitali inayotibu kifua kikuu tangu 1926, kijana anayepandisha watalii kwa lango la Londorossi: wote hushuka stendi wakiulizia chumba. Anayewapokea si kampuni. Ni mzee aliyejenga vyumba vinne uani kwa kiinua mgongo chake, au mama mwenye vyumba viwili vilivyoezekwa kwa fedha za mtoto aliyeko Dar es Salaam. Kodi inapokelewa, ufunguo unatolewa, na mengine yote yanaachwa kwa mazoea. Mengi ya mazoea hayo yana makosa, na yakiharibika huwaumiza wote wawili.

"Kanilipa miezi sita, basi amana ninayo."

Si kweli, na hapa ndipo ugomvi mwingi unapozaliwa. Kodi iliyolipwa mbele ni malipo ya kukaa. Amana, au dipoziti kama wengi tunavyoiita, ni fedha ya mpangaji uliyoishika wewe ili ikitokea hasara isiyo ya kawaida uwe na pa kuifidia. Ya kwanza inageuka kuwa yako mwezi hadi mwezi. Ya pili inabaki kuwa yake mpaka upatikane uharibifu au deni linaloonekana.

Chukua chumba cha 50,000 kwa mwezi. Mpangaji amekupa 300,000 za miezi sita. Mwezi wa nne anahamishiwa Rombo. Soketi moja imeungua na kitasa kimevunjika. Wewe unasema 100,000 iliyobaki ni ya matengenezo. Yeye anasema ni kodi ya miezi miwili ambayo hatakaa. Hakuna aliyeandika lolote, kwa hiyo kila mmoja anajiona yuko sahihi. Kama siku ya kwanza ungepokea 300,000 ya kodi na 50,000 ya amana, kila moja na risiti yake, kitasa na soketi vingekatwa kwenye amana, na swali la miezi miwili lingejibiwa na mkataba.

Na hata mkataba una mipaka. Ukiandika kwamba anayeondoka mapema hupoteza kila kitu, Sheria ya Mikataba, kifungu cha 74, inampa mwamuzi nafasi ya kutoa fidia inayostahili tu, isiyozidi ile mliyoitaja. Mimi naona ni haki. Mtumishi hakujihamisha mwenyewe, na chumba chako kikipata mtu wiki inayofuata hasara yako ni ya wiki moja.

"Sheria inasema amana ni kodi ya mwezi mmoja."

Haisemi. Tanzania Bara ilikuwa na Sheria ya Udhibiti wa Kodi za Pango ya 1984, ikafutwa mwaka 2005. Tangu hapo upangaji unaongozwa zaidi na Sheria ya Ardhi ya 1999 pamoja na ile ya mikataba, na mwezi mmoja unaosikika kila mahali ni desturi. Uganda walitunga sheria yao ya wenye nyumba na wapangaji mwaka 2022. Huku kwetu, kiasi cha amana, nani anaishika na inarudi lini ni mambo ya kukubaliana ninyi wawili. Mkiyaacha wazi, hakuna kifungu kitakachokuja kuyajaza.

"Hatukuandikiana, kwa hiyo si mpangaji wangu."

Si kweli kabisa. Upangaji wa mwaka mmoja au chini yake unaweza kuwa wa mdomo na bado sheria ikautambua. Kama hamkutaja muda wala notisi, kipindi kinahesabiwa kwa namna kodi inavyolipwa: analipa kwa mwezi, basi ni upangaji wa mwezi hadi mwezi, na anayetaka kuuvunja atoe notisi isiyopungua mwezi. Ujumbe wa simu nao una uzito. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaruhusu ujumbe wa namna hiyo kuwa ushahidi. Kwa hiyo mpangaji anapokuandikia, "Shikamoo mama, nimetuma 150,000, ni kodi ya Julai mpaka Septemba," amekwisha kuandika nusu ya mkataba. Usimwache hewani. Mjibu, utaje kiasi na kazi ya fedha hiyo.

"Muhuri wa mwenyekiti unatosha."

Kweli kwa sehemu. Kumpeleka mgeni kwa mwenyekiti wa kitongoji ni jambo jema: anaandikwa, anajulikana, na mnapata shahidi. Lakini muhuri wa mwenyekiti, hata wa wakili, si ushuru wa stempu. Mkataba wa pango hulipiwa ushuru huo TRA, asilimia 1 ya kodi ya mwaka. Kwa chumba cha 50,000 ni 6,000. Karatasi isiyolipiwa inaweza kukataliwa kama ushahidi mpaka ushuru na faini yake vilipwe, na huwa mtu analigundua hilo siku anayoihitaji zaidi.

"Asipolipa nabadilisha kufuli, nyumba ni yangu."

Nyumba ni yako, lakini kwa muda huo makazi ni yake. Kumfungia nje, kung'oa mlango, kumkatia umeme au kuzuia godoro na jiko lake kunakutoa kwenye nafasi ya mdai na kukuweka kwenye ya mdaiwa. Njia iliyopo ni notisi ya maandishi inayotaja deni na siku za kulilipa. Ikishindikana, mgogoro unapelekwa Baraza la Kata. Tangu marekebisho ya 2021 baraza hilo linasuluhisha tu, halitoi hukumu. Lisipowapatanisha ndani ya siku 30, mlango wa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya uko wazi. Amri ikitoka, anayeitekeleza ni dalali wa mahakama. Yule dalali aliyekuletea mpangaji na kuchukua mwezi wake mmoja hana mamlaka hayo, hata akija na vijana.

Ni njia ndefu, sikatai. Ndiyo maana amana na mazungumzo ya mapema vina thamani: mwalimu ambaye mshahara wa kwanza umechelewa anaweza kupangiwa tarehe, na wengi hulipa.

Kanuni hii ya kutomtoa mpangaji kwa nguvu inahusu pia Desemba. Ndugu wanarudi kwa Krismasi, nyumba ya mbele imejaa, na mwenye nyumba anakumbuka vyumba vya uani. Aliyelipa mpaka Februari hatolewi kwa sababu ya wageni.

"Kodi ya majengo inayokatwa kwenye LUKU ni ya mpangaji."

Si kweli. Inapitia kwenye mita tangu 2021, lakini mdaiwa ni mmiliki wa jengo. Nyumba ya kawaida ilianza na 1,000 kwa mwezi, na mwaka 2023 ikapanda kuwa 1,500, sawa na 18,000 kwa mwaka. Mpangaji anayeweka umeme anakulipia wewe. Mkatie kwenye kodi, au mkubaliane waziwazi kwamba kodi imepangwa chini kwa sababu hiyo.

"Nyumba ya marehemu baba, yeyote kati yetu apokee kodi."

Hatari. Mpangaji alipe kwa msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, au kwa mtu ambaye msimamizi amemtaja kwa maandishi. Vinginevyo kaka atapokea amana na dada atadaiwa.

"Akitoka, amana inapaka rangi."

Inategemea rangi imeharibikaje. Ukuta uliofifia kwa miaka miwili ni uchakavu wa kawaida, gharama yako. Ukuta uliochorwa na kutobolewa misumari kumi ni wake. Dari yenye doa la maji ya masika si yake hata kidogo: unapopangisha chumba ndani ya jengo, paa na kuta kuu ni jukumu lako kisheria.

Yote haya yanaamuliwa siku ya kukabidhi ufunguo. Ingieni pamoja mchana. Andikeni chumba kwa chumba: vioo vingapi, nyavu zikoje, soketi zipi zinafanya kazi, kitasa, bomba, doa lililopo tayari, tarakimu za mita. Pigeni picha, kila mmoja abaki nazo kwenye simu yake. Kisha muandike kiasi cha amana, mambo yanayoweza kukatwa, na idadi ya siku za kuirudisha baada ya funguo kurudi. Mimi napendekeza 14. Kila kinachokatwa kiwe na risiti ya fundi au ya duka la vifaa. Sahihi mbili, mashahidi wawili, nakala mbili.