BWANA AFYA HAWEZI KAZI HII PEKE YAKE



Wengi wetu hapa Mbarara tunakula chakula cha mchana kantini au katika hoteli ndogo za karibu na kiwanda. Kibarua akiharisha siku tatu hana mshahara wa siku tatu. Kwa hiyo inatupasa tujue Bwana Afya anakagua nini.

Sheria ya Afya ya Umma ya Uganda imetumika tangu mwaka 1935. Mjini, wakaguzi ni wa Halmashauri ya Jiji la Mbarara. Wenzetu wa Nakivale wako chini ya wilaya ya Isingiro.

Mkaguzi akiingia hotelini hutazama maji yanatoka wapi na yanawekwa katika chombo gani. Hutazama choo na mahali pa kunawa mikono, kichanja cha vyombo, shimo la taka, na chakula kilichopikwa kama kimefunikwa. Halafu huomba vyeti vya daktari vya wapishi na wagawaji chakula. Akikuta kasoro, humwandikia mwenye hoteli ilani ya kurekebisha kwa muda maalum. Asiyetii anaweza kufungiwa au kupelekwa mahakamani.

Nyama ni kazi ya daktari wa mifugo. Humkagua mnyama kabla ya kuchinjwa, na nyama baada ya kuchinjwa, ndipo hupiga muhuri. Nyama isiyo na muhuri, hata ikiwa rahisi, tusiinunue. Mwaka 2018, katika wilaya jirani ya Kiruhura, watu walipata kimeta kwa kushika na kula nyama ya ng'ombe waliokufa ghafla.

Lakini lipo jambo ambalo jicho la mkaguzi halilioni. Mpishi mwenye homa ya matumbo huficha ugonjwa wake kwa kuogopa kufukuzwa. Anaendelea kupakua chakula, na sisi tunaugua. Mwaka 2015 homa hiyo iliwashika maelfu ya watu Kampala kwa sababu ya maji na vinywaji vichafu. Tena mtu anaweza kupona na bado akabeba vijidudu.

Mpishi naye ni mfanyakazi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inampa aliyetimiza mwezi mmoja kazini haki ya mshahara kamili kwa mwezi wa kwanza wa ugonjwa. Wapishi wengi hawaijui haki hii, na waajiri wengi hawaitaji.

Basi kila kamati ya wafanyakazi ifanye haya:

1. Iombe kuonyeshwa ripoti ya mwisho ya ukaguzi wa kantini.
2. Imtake mwajiri alipe gharama ya kupima wapishi, asiwakate mshahara.
3. Ihakikishe mpishi mgonjwa anapumzika kwa malipo.
4. Ipeleke malalamiko kwa Bwana Afya kwa maandishi, na kubaki na nakala.

Bwana Afya huja siku moja akaondoka. Sisi tunakula pale kila siku. Tukimtetea mpishi, tumelinda sahani zetu wenyewe.

Umoja ni nguvu.